Lililomo kwenye dumu: tiba za nyumbani wakati wa kemo na mionzi

Katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa saratani kuna dumu la lita tano pembeni ya kitanda. Ndani mna maji ya kahawia, magome yametuama chini, mdomo umezibwa kwa mfuko wa plastiki. Halina jina wala tarehe. Aliyelileta alisema tu, "Nusu glasi asubuhi, nusu glasi jioni." Na kliniki, mgonjwa huyohuyo akiulizwa kama kuna dawa nyingine anazotumia, hujibu: hakuna.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni jibu hilo la "hakuna". Watu hutumia tiba za nyumbani kwa sababu zinazoeleweka: kichefuchefu, uchovu, usingizi unaokatika, hofu ya usiku. Baadhi ya tiba hizo zinasaidia kweli, nyingine hazina neno, na chache huharibu kazi ya dawa ya hospitali. Kuzitenganisha kunawezekana, ila si kwa kitu kilichofichwa.

Anza na ini. Dawa nyingi za saratani huvunjwa na vimeng'enya vya ini, na vimeng'enya hivyohivyo ndivyo vinavyoshughulikia mitishamba. Mtishamba ukivizuia, dawa hubaki nyingi kwenye damu na sumu yake huongezeka. Ukivichochea, dawa huisha kabla haijafanya kazi. Mfano wa kwanza ni balungi. Juisi yake huzuia kimeng'enya cha aina hiyohiyo kilichopo pia kwenye utumbo, na glasi moja huweza kuendelea kuzuia kwa zaidi ya siku nzima. Kwa hiyo anayemeza vidonge vya saratani kama imatinibu huambiwa aliache kabisa, wala kula balungi asubuhi na kumeza dawa jioni hakumwokoi. Mfano wa upande wa pili ni vidonge vya mmea uitwao Hypericum, vinavyouzwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya huzuni, na ambavyo ndugu walioko nje huvituma nyumbani kwa nia njema. Vimepimwa kwa wagonjwa wanaopata irinotekani, dawa ya saratani ya dripu: sehemu ya dawa inayoua saratani ilipungua kwenye damu kwa zaidi ya asilimia 40. Mgonjwa anakaa kwenye dripu, anapata madhara, anatumia fedha, na karibu nusu ya dawa haipo.

Manjano ni suala la kipimo. Ya kwenye mchuzi haina shida. Vidonge vyake vilivyokolezwa na kuchanganywa na pilipili manga ili viingie mwilini kwa wingi ni jambo jingine. Uholanzi, mwaka 2019, vilipimwa kwa wanawake wanaomeza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, na kiwango cha dawa kwenye damu kilishuka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa vingi vya jikoni: kitunguu saumu, habat soda, tangawizi. Kama chakula, endelea. Kama mafuta yaliyokamuliwa au vidonge vya kila siku, uliza kwanza, na kama kuna upasuaji mbele, viache wiki mbili kabla kwa sababu vinaweza kuongeza kutokwa damu.

Kuna madhara mengine ya dumu ambayo hayasemwi sana. Kabla ya kila mzunguko wa kemo, yaani dawa za kuua saratani, damu hupimwa: chembe nyeupe zinazolinda mwili, chembe sahani zinazogandisha damu, ini, figo. Vipimo vya ini vikipanda, daktari asiyejua habari za dumu atadhani ni kemo. Atapunguza dozi, au ataahirisha wiki moja, mbili. Hapo hakuna aliyekosea kwa makusudi, lakini saratani imepata nafasi ya kupumua. Angeambiwa, pengine angesema tu, "Simamisha hayo maji, turudie kipimo baada ya siku kumi."

Wapo wanaosema dawa za hospitali zenyewe zimetoka kwenye miti. Ni kweli kabisa. Vinkristini, inayotibu leukemia (saratani ya damu) ya watoto, hutoka kwenye ua dogo la waridi lenye asili ya Madagaska, lile linalopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani. Paklitakseli, dawa nyingine ya kemo, ilipatikana kwanza kwenye magome ya mti wa Amerika ya Kaskazini. Lakini tazama vipimo. Dozi ya vinkristini kwa mara moja kwa kawaida haivuki miligramu 2, hata kwa mtu mzima mwenye mwili mkubwa, kwa sababu ikizidi huharibu mishipa ya fahamu. Chumvi kidogo inayoshika kwenye ncha ya kidole kilicholowa inaweza kuwa na uzito zaidi ya huo. Ukichemsha majani ya ua hilo kwenye sufuria, hakuna awezaye kujua umemnywesha mgonjwa miligramu ngapi.

Mbegu za aprikoti na vidonge vinavyouzwa kwa jina la "vitamini B17" visikaribie nyumba yako. Si vitamini. Vikifika tumboni hutoa sianidi, sumu ileile ya muhogo mchungu usiolowekwa. Majani ya mstafeli nayo yanasifiwa mno. Yaliyoua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara hayajathibitika kufanya hivyo kwa binadamu, na mti huo una kemikali inayodhuru seli za fahamu.

Sasa yanayosaidia. Tangawizi kwa kichefuchefu ina ushahidi mzuri, mradi itumike pamoja na dawa ya kuzuia kutapika, si badala yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa zaidi ya 500, ulionyesha kwamba nusu gramu hadi gramu moja kwa siku ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kemo. Gramu moja na nusu haikufanya vizuri zaidi. Walianza siku tatu kabla ya dripu, wakatumia kwa jumla ya siku sita. Wao walitumia vidonge. Kwa unga wa jikoni, gramu moja ni kama nusu kijiko cha chai, igawe mara mbili kwa siku. Kosa la kawaida ni kuchemsha kipande kikubwa mpaka chai iwake koo, kisha kumpa mtu mwenye vidonda mdomoni. Mwenye chembe sahani chache au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiitumie bila kuuliza.

Vidonda vya mdomo vyenyewe vina dawa ya bei ya chini kuliko zote. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi uvuguvugu, weka kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda na nusu kijiko cha chumvi. Sukutua, tema, rudia kila baada ya saa tatu hivi, na tengeneza mapya kila siku. Iwe bekingi soda, isiwe bekingi poda, na kamwe isiwe magadi ya kupikia maharage: hayo ni makali na yataunguza nyama ambayo tayari imechubuka. Maji ya kusukutua ya dukani yenye pombe nayo huchoma, yaache.

Uchovu wa kemo hauondoki kwa kulala. Kutembea ndiko kunakosaidia, na mwongozo wa wataalamu wa mazoezi wa mwaka 2019 unataja dakika 30, mara tatu kwa wiki, kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza. Anayeanza aende dakika tano hadi kwa jirani na kurudi. Akisikia kizunguzungu, au moyo kwenda mbio akiwa ameketi, asitembee, akapimwe damu.

Kwa juisi ya bitiruti "ya kuongeza damu": ni chakula kizuri, lakini haipandishi chembe nyeupe zilizoshuka kwa kemo. Na ina usumbufu mmoja. Doksorubisini, ile dripu nyekundu, hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku moja au mbili. Bitiruti nayo hufanya hivyo. Mgonjwa huyohuyo akipewa siklofosfamidi, dawa nyingine ya kemo, ambayo inaweza kuumiza kibofu na kuleta damu halisi kwenye mkojo, nyumbani hamtajua mnachokiona ni kipi. Siku tatu za mwanzo baada ya dripu, iacheni.

Sanamaki inahitaji tahadhari yake. Anayetumia mofini ya maji kwa maumivu hufunga choo karibu kila mara, na hospitali yenyewe huandika dawa ya jamii ya sanamaki iliyopimwa. Majani yaliyochemshwa nyumbani hayapimiki: leo hayafanyi kitu, kesho yanamharisha hadi anaishiwa maji. Kwa mtu aliye kwenye vidonge vya kemo vya kapesitabini au dripu ya irinotekani, ambazo zenyewe huharisha, hilo linaweza kumuua. Tukiwa kwenye kapesitabini, vidonge vya foliki asidi vinavyoonekana havina madhara huongeza sumu yake, kwa hiyo hata "vitamini za kuongeza nguvu" lazima zisomwe nyuma ya kopo.

Ngozi inayopigwa mionzi ni ngozi iliyoungua, hata kabla haijabadilika rangi. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa laini, usisugue, wala usifute alama za wino zilizochorwa na wataalamu. Usipake liwa, mafuta ya karafuu, wala kitu chochote chenye harufu kali sehemu hiyo. Shubiri inaburudisha, lakini haijaonekana kuzuia ngozi isiungue. Na chochote utakachoruhusiwa kupaka, usikipake mara tu kabla ya kuingia kwenye mashine.

Hijama na chanjo za wembe tunazipinga waziwazi wakati wa kemo. Chembe sahani zikiwa chache damu haikatiki, na chembe nyeupe zikiwa chache kila mkato ni mlango wa wadudu. Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani asichanjwe kwa wembe wala asiumikwe kwenye mkono wa upande huo. Kuchua kwa mafuta ya nazi, kwa mkono mwepesi, kunatuliza na kuleta usingizi; epuka uvimbe wenyewe, sehemu ya mionzi, na mgongo wa mtu ambaye saratani imefika kwenye mifupa. Mguu mmoja ukivimba na kupata joto, usiuchue hata kidogo. Huenda ni damu iliyoganda, na kuchua kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Sala na dua hazigongani na dawa yoyote. Kombe nalo, yaani aya zinazoandikwa kwenye sahani kisha kuoshwa kwa maji ya kunywa, kama sahani imeoshwa vizuri, wino ni zafarani tu, na maji yamechemshwa, lina madhara gani? Tatizo huwa maji ya kisimani kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Kufunga ni tofauti. Anayepata sisplatini, dawa ya kemo, anahitaji maji mengi kulinda figo, mara nyingi lita mbili hadi tatu kwa siku, na siku bila maji inaweza kumharibia figo moja kwa moja. Kwa Ramadhani, mgonjwa amepewa ruhusa ndani ya Qurani, sura ya Baqara. Kwa maombi ya kufunga kanisani, mwombe mchungaji mgonjwa ashiriki bila kufunga.

Kikombe cha Loliondo cha mwaka 2011, ile dawa ya mitishamba ya Babu iliyovuta maelfu ya wagonjwa, kilitufundisha kwamba hatari kubwa ni kuacha dawa kwa sababu ya kikombe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wa mwaka 2018 ulilionyesha hilo kwa saratani. Wagonjwa waliochanganya tiba za pembeni na za hospitali walikuwa na hatari ya kufa mara mbili ya wenzao, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wengi wao walikataa sehemu ya matibabu: upasuaji, kemo, mionzi.

Kwa hiyo andika. Daftari dogo, ukurasa mmoja: jina la kitu kwa lugha yoyote mliyoambiwa, sehemu ya mti, kiasi, siku kilipoanza, siku kiliposimama. Tia kipande cha gome au majani kwenye bahasha. Ukifika, sema tu: "Shikamoo daktari. Nyumbani tumekuwa tunampa hii tangu Jumatatu, tunaomba ushauri." Na kwa shangazi aliyesafiri na dumu kutoka mkoani, usilimwage mbele yake. "Asante shangazi, tumeipokea. Tunaiweka hadi atakapomaliza mzunguko huu, daktari ametuomba asichanganye." Shangazi wengi watakubali. Wanachoogopa ni kuonekana hawakufanya lolote.

Na nunueni kipimajoto. Chembe nyeupe hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Joto likifika 38 katika siku hizo, usimpe mwarubaini, usidhani ni malaria ya kusubiri asubuhi, wala usimpe parasetamoli ili joto lishuke kabla hajaonwa, kwa maana itaficha dalili. Chukueni kadi yake ya kliniki na lile daftari, mwende hospitali usiku huohuo, na mlangoni mseme kwanza: "Yuko kwenye kemo."