Melodika ya Augustus Pablo

Jioni hii, nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani, dereva aliweka albamu ya Augustus Pablo, "East of the River Nile" ya mwaka 1977, nami nikaacha kila nilichokuwa nikikifikiria.

Augustus Pablo, Mjamaika aliyezaliwa kwa jina la Horace Swaby, aliichukua melodika, chombo cha kupuliza chenye vibao kama vya piano ambacho wengi walikiona cha kufundishia watoto shuleni, akakipa hadhi katika rege.

Kilichonigusa ni nafasi anazoziacha.

Anapuliza noti chache, ananyamaza, besi inapita peke yake, kisha anarudi taratibu, na ukimya ule unakuwa sehemu ya wimbo.

Alikuwa pia mtayarishaji hodari. Kupitia lebo yake ya Rockers alimrekodi mwimbaji Hugh Mundell akiwa bado kijana mdogo, na kanda zake alizipeleka kwa fundi wa sauti King Tubby, aliyezichanganya upya hadi ikapatikana albamu ya dabu (rege inayochanganywa upya kwa kupunguza sauti na kuongeza mwangwi) ya mwaka 1976 ambayo, kwangu mimi, haijapata mpinzani.

Alifariki mwaka 1999, mapema mno.

Ndugu zangu, ninyi mlianza na wimbo wake upi?