Paa jipya, hela za nani?

Wiki ya tatu sasa jengo letu la halmashauri hapa London limezingirwa na jukwaa la mabomba la mafundi wa paa. Saa mbili asubuhi wanang'oa vigae. Ukisahau dirisha, vumbi jeusi hadi kwenye sufuria ya chai. Mama kanipigia kutoka Mombasa: "Kwa hiyo serikali yawaezekea bure?"

Bure wapi, mama! Kodi zetu wapangaji huingia mfuko wa nyumba wa halmashauri, uliotengwa kisheria na hela nyingine, na ukarabati hutoka humo. Jirani wa chini, aliyenunua nyumba yake kwa sheria ile ya 1980 iliyowaruhusu wapangaji wa halmashauri kununua nyumba wanazokaa, kaletewa bili ya fungu lake. Hanisalimii tena, utadhani paa nimelitoboa mimi.

Ndoo yangu ya koridoni sijaiondoa bado.