Angels Landing kwenye theluji, tulipofika na tulipogeukia

Nimekaa na hii habari wiki nzima, maana tangu niweke zile picha watu wengi wananiuliza njia na mi sitaki mtu aende kule kwa kuvutiwa na picha zangu bila kujua chini ya miguu kulikuaje.

Sehemu yenyewe ni Angels Landing, hifadhi ya Zion, kusini kabisa mwa Utah hapa Marekani, sisi tunaokaa Salt Lake City ni kama masaa matano ya kuendesha ukishuka na barabara kuu namba 15. Ni mwamba mwekundu umesimama katikati ya bonde, kilele mita 1,765, na kutoka mtoni hadi juu unapanda kama mita 450. Mi nimezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, kwa hiyo namba hizo zilinidanganya kidogo, geti la Marangu lenyewe liko juu kuliko hicho kilele. Lakini pale urefu sio ishu. Ishu ni kwamba nusu maili ya mwisho unatembea juu ya ukingo wa jiwe, kushoto shimo kulia shimo, sehemu nyingine upana wake ni kama kitanda, na unachoshika ni mnyororo uliofungwa kwenye vyuma vilivyochomekwa ndani ya mwamba. Jina lilitoka mwaka 1916, mchungaji mmoja Frederick Vining Fisher aliutazama akasema ni malaika tu angeweza kutua pale juu.

Kuanzia tarehe 1 Aprili 2022 huwezi kuingia kwenye minyororo bila kibali, hata wakati wa baridi. Kinatoka kwa bahati nasibu, unalipa dola 6 kuomba na hazirudi, ukipata ni dola 3 kila kichwa. Sisi tuliomba ile ya siku moja kabla, unatuma kabla ya saa tisa alasiri, saa kumi unajua. Msimu wa theluji mi naona ni bora hiyo, kwa sababu unaomba ukiwa umeshaangalia hali ya hewa ya kesho yake, ile ya miezi kabla unaomba hujui utakuta nini.

Tulikua wawili, mimi na wifi yangu. Asubuhi baridi imekaza, mabasi ya hifadhi hayatembei kipindi hicho kwa hiyo unaruhusiwa kuingia na gari lako hadi Grotto, pale njia inapoanzia, paking ni ndogo sana. Baba mdogo wangu alibeba mizigo Kilimanjaro miaka mingi kabla hajawa mwongoza watalii, na alikua akipokea wageni anaangalia viatu kwanza, sura baadaye. Tabia hiyo nimeirithi. Pale paking nikaangalia miguu ya watu, na nusu yao walivaa raba za kawaida, wengine soli imeisha kabisa.

Sasa niseme kitu ambacho sikukijua kabla ya siku ile. Nilidhani theluji nyingi ndio hatari. Kumbe theluji mpya ina afadhali, mguu unazama unashika. Tatizo ni kwamba njia hii inapendwa, watu mamia wanaikanyaga ileile theluji, inashindiliwa, mchana jua linayeyusha kidogo, usiku inaganda tena, baada ya siku tatu nne unatembea juu ya kioo. Na njia hadi Scout Lookout, pale pa kupumzikia kabla ya minyororo, imesakafiwa, kwa hiyo hakuna hata changarawe ya kusaidia. Kuna korongo linaitwa Refrigerator Canyon, na kweli ni friji, kuta zimebanana jua halifiki, pale ndio tulisimama tukavaa vyuma, ule mpira wenye minyororo na meno unauvuta juu ya buti. Tofauti niliisikia hatua ya kwanza tu, krap, krap, mguu unabaki pale ulipouweka. Baada ya hapo ni zile kona 21 za Walter's Wiggles zilizojengwa kwa mawe, zinapinda juu ya kichwa cha mwenzako, na kila kona upande wa ndani una barafu.

Scout Lookout tulipumzika tukanywa chai. Pana bango linakueleza wazi kwamba watu wamekufa kwa kuanguka kwenye njia hiyo. Wifi alilisoma lote hadi mwisho, akafunga zipu ya koti, akasema haya wifi, tangulia.

Minyororo ya kwanza ilikua sawa. Ila kuna mahali wamechonga vipandio kwenye jiwe, na kila kipandio kilikua kimejaa barafu hadi ukingoni, kama bakuli ulilosahau kwenye friza. Meno ya chuma yanashika barafu vizuri, lakini hatua inayofuata ni jiwe tupu, na juu ya jiwe tupu chuma kinateleza na kupiga kelele mbaya. Ukivua unateleza kwenye barafu, ukivaa unateleza kwenye jiwe. Glavu zangu za sufu zilikua zimelowa zikaanza kuganda kwenye mnyororo, kila nikitaka kusogeza mkono inabidi niubandue. Vaeni glavu zenye mpira kiganjani, hili nawaomba sana.

Halafu njia ni moja, wanaopanda na wanaoshuka. Wakatokea watu watatu wanashuka, na ili wapite ilibidi mmoja wetu aachie mnyororo. Hapo nilihisi moyo kooni. Tulijibana kwenye mwamba, wakapita mmoja mmoja, wa mwisho kijana mdogo wa raba, miguu inamtetemeka.

Tukafika kwenye shingo, pale mwamba unaposhuka kidogo halafu mbele unauona ule mgongo mwembamba wote unaopanda hadi kileleni. Upande wa kivulini ulikua mweupe wote. Nikamwuliza wifi anaonaje. Akasema, "Kupanda tutapanda. Kushuka je?" Nilikaa kimya nikitazama vile vipandio, kwa sababu kushuka huoni mguu unapoenda, uzito wote uko mbele, na barafu ile ya saa nne ingekua imelowa maji juu ifikapo saa sita. Nikasema turudi. Iliniuma kwa kweli, kilele kilikua karibu nakiona kabisa, lakini ni uamuzi ambao ningeufanya tena leo.

Chini kwenye kona za Walter's Wiggles tukamkuta yule kijana wa raba amekaa chini, anajisogeza kwa makalio kona baada ya kona, suruali imelowa chapachapa, wenzake wameshatangulia. Wifi hakusema neno, alimpa fimbo yake moja ya kutembelea, zile za kukunja, akamwonyesha atembee ukingo wa nje ambako jua lilishayeyusha barafu. Alipofika Refrigerator Canyon akatuambia tutangulie tu, atakuja taratibu.

Tulikaa paking na hita imewashwa karibu saa nzima. Alitokea akichechemea, akaja moja kwa moja kwenye gari letu, fimbo ameifuta theluji yote na ameikunja vizuri.