Folda ya Mitihani: Siku Mbili za Kuunganisha Kompyuta za Nyumbani

Mke wangu ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na kwa miaka mingi mitihani yake ilisafiri kwa flashi kutoka kwenye kompyuta mpakato yake hadi kwenye kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni, ambako ndiko printa ilikounganishwa. Mwezi Mei 2025 flashi hiyo ilimponza. Alichapa nakala 45 za mtihani wa Kidato cha Pili, ndipo akagundua kuwa ni za toleo la zamani, lile lenye kosa katika swali la saba, kwa sababu faili lililosahihishwa lilikuwa bado kwenye mpakato. Usiku ule alilala saa tisa.

"Baba Halima," aliniambia asubuhi, "kompyuta zote za humu ndani zinatumia ruta moja. Kwa nini faili lisikae mahali pamoja, kila mmoja akalifungua pale alipo?"

Nilimjibu kuwa jambo hilo ni la nusu saa. Lilichukua Jumamosi nzima na sehemu kubwa ya Jumapili, na sababu ya kuchelewa haikuwa ugumu wa kosa lolote moja. Makosa yalikuwa kadhaa, yamelaliana, na lile la juu lilifunika la chini kiasi kwamba nilipolitengeneza moja nikaona hakuna kilichobadilika, nikaamini nimekosea, nikalirudisha lilivyokuwa.

Nieleze kwanza vifaa vyenyewe. Kompyuta ya mezani ina Windows 10, imeunganishwa na ruta kwa waya, na jina lake kwenye mtandao ni MEZANI. Mpakato wa mke wangu una Windows 11, toleo la 24H2. Mpakato wangu una Windows 10. Kwenye ile ya mezani nilitengeneza folda iitwayo Mitihani, nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, nikaingia kwenye sifa zake, nikaishirikisha. Kisha nikaenda kwenye mpakato wa mke wangu, nikafungua dirisha la mafaili, nikaandika juu kabisa \\MEZANI, nikabonyeza Enter. Baada ya kusubiri kwa muda likaja tangazo kwamba Windows haiwezi kuifikia \\MEZANI, na chini yake namba 0x80070035, ambayo maana yake ni kwamba njia ya mtandao haikupatikana.

Nilijua jambo moja kuhusu hali hiyo. Windows huuhesabu kila mtandao kuwa ama wa nyumbani au wa hadharani, na ikiuhesabu kuwa wa hadharani inafunga milango ya kushirikiana. Nikaenda kwenye ile ya mezani, nikakuta kweli imeandikwa "Public", nikaibadilisha kuwa "Private". Nikarudi kwenye mpakato wa mke wangu, nikajaribu tena. Namba ileile. Basi nikairudisha "Public", kwa kuwa nilikuwa nimesikia kuwa ndiyo yenye usalama zaidi, nikaendelea kutafuta kwingine. Hapo ndipo nilipopoteza siku, maana badiliko lile lilikuwa sahihi kabisa, na lilihitajika.

Saa zilizofuata nilizitumia kusoma mashauri ya kila aina. Mengine yalinielekeza kwenye HomeGroup, njia ya zamani ya Windows ya kushirikiana mafaili nyumbani, ambayo Microsoft waliiondoa katika Windows 10 tangu toleo la 1803 la mwaka 2018, kwa hiyo nilikuwa natafuta kitufe kisichokuwepo. Mengine yalisema nizime ngome ya Windows, yaani ile sehemu inayochuja maombi yanayoingia kutoka nje. Niliizima kwa dakika tano, nikajaribu, namba ikawa ileile, nikaiwasha tena. Na mengi zaidi yalishauri niwashe SMB1.

Hili la SMB1 ninaliandikia kwa uzito, kwa sababu nilikaribia kulifanya. SMB ni itifaki ambayo Windows huitumia kupelekeana mafaili, na SMB1 ni toleo lake la kale. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilienea katika nchi nyingi duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake mwezi Machi mwaka huohuo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, lililotoka mwishoni mwa 2017, SMB1 haiwekwi tena kwenye kompyuta mpya. Kompyuta zetu zote tatu zinazungumza SMB ya toleo la tatu bila shida yoyote, na hivyo hapakuwa na sababu ya kuirudisha ile ya kale. Mwenye kuihitaji kweli ni yule mwenye kifaa cha zamani sana kisichojua lugha nyingine, na hata huyo ningemshauri abadilishe kifaa.

Jumapili asubuhi nilianza upya na daftari mkononi. Niliamua kutogusa kitufe chochote kabla ya kuandika hali ilivyo kwenye kila kompyuta, na kuanzia chini kabisa: je, mashine hizi kweli ziko kwenye mtandao mmoja? Kwenye kila moja nilifungua dirisha la amri, nikaandika ipconfig, nikanakili mstari wa anwani. Ya mezani ilikuwa 192.168.1.20. Yangu ilikuwa 192.168.1.33. Ya mke wangu ilikuwa 192.168.2.14.

Niliitazama ile namba ya tatu mara mbili. Zile mbili za kwanza zilikuwa na 1 katika sehemu ya tatu, yake ilikuwa na 2. Mashine zote tatu zilipata intaneti kutoka kwenye ruta moja, lakini yake haikuwa kwenye mtandao wetu. Ruta nyingi za nyumbani hutoa mitandao miwili ya Wi-Fi, mmoja wa wenyeji na mmoja wa wageni, na ule wa wageni hutengwa makusudi ili mgeni apate intaneti bila kuvifikia vifaa vya mwenye nyumba. Nikamwita Halima. Akakumbuka kuwa siku mpakato ulipokuja mimi nilikuwa safarini, nywila ya mtandao wetu hakuijua, akauunganisha kwenye ule wa wageni ambao nywila yake tumeibandika ukutani. Hakufanya kosa lolote. Mtoto alitumia alichokuwa nacho.

Niliuhamishia mpakato kwenye mtandao wa wenyeji, ukapata 192.168.1.34. Sasa kwa amri ya ping niliita ruta, ikajibu. Nikaiita ya mezani, kimya. Hapa inafaa kuwa mwangalifu, kwa sababu kompyuta ya Windows ikiwa katika hali ya hadharani kwa kawaida haijibu ping hata kama ipo na ni nzima, hivyo kimya chake peke yake hakithibitishi kuwa haifikiki. Kipimo kilicho bora ni kuuliza mlango wenyewe ambao SMB hupitia, namba 445. Katika PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, niliandika Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445, na mstari wa mwisho wa jibu, TcpTestSucceeded, ukasema False. Mlango ulikuwa umefungwa.

Ndipo nikalikumbuka badiliko la jana. Nilirudi kwenye ya mezani, nikaiweka tena "Private", nikahakikisha kuwa kushirikiana mafaili na printa kumeruhusiwa kwa hali hiyo, na ngome nikaiacha ikiwa imewashwa. Nikarudia amri ileile, ikajibu True. Nikaandika \\192.168.1.20, na safari hii halikuja tangazo la kosa. Kikaja kisanduku kinachoomba jina la mtumiaji na nywila.

Mke wangu aliniuliza kwa nini nimefurahi na folda bado haijafunguka. Nilimwambia kuwa hadi jana tulikuwa tumepotea njia, na sasa tumefika mlangoni tunaulizwa sisi ni akina nani. Tangazo likibadilika, kosa la kwanza limeondoka, na tangu siku hiyo nayaandika matangazo yote neno kwa neno na namba zake, kwa sababu macho yenye uchovu huyaona yote kuwa moja.

Aliandika tarakimu nne anazofungulia mpakato wake, zikakataliwa. Nikaandika zangu za kufungulia ya mezani, nazo zikakataliwa. Tarakimu hizo, ziitwazo PIN, ni za mashine ile iliyowekewa tu, wala hazipiti mtandaoni. Kinachotakiwa ni akaunti iliyopo kwenye kompyuta yenye folda, pamoja na nywila yake kamili. Niliingiza barua pepe yangu na nywila yangu ya Microsoft, folda ikafunguka. Lakini sikupenda nywila inayofungua barua zangu zote ikae kwenye mpakato wa mtu mwingine, awe hata mke wangu, maana mpakato huo huenda naye shuleni kila siku. Kwa hiyo kwenye ya mezani nilitengeneza akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi, nikaiita nyumbani, nikaipa nywila yake. Nywila ni lazima, kwa sababu Windows haikubali kwa njia ya mtandao akaunti isiyo na nywila.

Nilipojaribu kuingia kwa MEZANI\nyumbani likaja jambo jipya, kosa namba 1219, linalosema kuwa mtumiaji mmoja hawezi kuunganishwa na kompyuta moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Ule muunganisho wa akaunti yangu ulikuwa bado hai. Niliandika net use, nikauona kwenye orodha, nikaufuta kwa net use * /delete, kisha nikaingia kwenye Credential Manager nikaondoa nywila yangu iliyokuwa imehifadhiwa. Nikatoka kwenye Windows, nikaingia tena, na jina la nyumbani likakubaliwa.

Wapo wanaoikwepa sehemu hii yote kwa kuzima kabisa kuombwa nywila, ili kila aliye kwenye mtandao aingie kama mgeni. Siungi mkono, kwa kuwa mtihani ni siri hadi siku yake, na hata hivyo njia hiyo inazidi kufungwa: Windows 11 Pro tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 inataka mawasiliano ya SMB yatiwe saini, na mgeni asiye na nywila hana cha kutilia saini.

Mke wangu aliufungua mtihani, akasahihisha neno moja, akabonyeza kuhifadhi. Akaambiwa hana ruhusa. Hapa nilikuwa nimeshajifunza kutulia. Folda ya pamoja ina ruhusa za aina mbili, moja ya lango la mtandao na nyingine ya folda yenyewe kwenye diski, na anayeingia kutoka nje hupimwa kwa zote mbili. Ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Mimi nilikuwa nimeishirikisha folda kwa dirisha la "Advanced Sharing", ambalo kwa kawaida huwapa watu wote ruhusa ya kusoma tu. Langoni nikamwondoa "Everyone", nikaweka nyumbani na ruhusa ya kubadilisha. Kisha upande wa "Security" nikampa nyumbani ruhusa ya "Modify". Baada ya hapo faili likahifadhika.

Yalibaki madogo. MEZANI haikuonekana katika orodha ya kompyuta za mtandao, ingawa kwa kuandikwa jina lake ilifunguka. Huduma iitwayo Function Discovery Resource Publication, ambayo ndiyo huitangaza kompyuta kwa wenzake, ilikuwa haifanyi kazi. Nikaiweka ianze yenyewe kila mashine inapowaka. Kompyuta hiyo pia ilikuwa ikilala baada ya nusu saa, na folda ikilala nayo, nikaizuia kulala.

Jumanne umeme ulikatika, na uliporudi folda haikufunguka. Niliona aibu mbele ya mke wangu, lakini daftari lilinitoa. Niliandika ipconfig kwenye ya mezani, nikaona anwani imekuwa 192.168.1.22. Kwenye mpakato wa mke wangu nilikuwa nimeiunganisha folda kwa anwani, ionekane kama diski ya mtandao, nayo ruta hugawa anwani upya vifaa vinapowaka, na si lazima kila kifaa kirudishiwe ya zamani. Niliingia kwenye ukurasa wa ruta, nikafungua sehemu ya DHCP, yaani ile inayogawa anwani, nikaitengea ya mezani anwani 192.168.1.20 kwa kutumia namba ya kadi yake ya mtandao, na diski nikaiunganisha upya kwa jina \\MEZANI\Mitihani.

Ili kuhakikisha, nilizima swichi kuu ya nyumba, nikasubiri dakika moja, nikaiwasha. Ruta ikawaka, kompyuta ya mezani ikawaka. Mke wangu akiwa barazani alifungua diski, akachagua mtihani wa Kidato cha Pili, akapunguza alama mbili kwenye swali la saba, akahifadhi, akatuma kwenye printa. Nilikuwa sebuleni nilipoiona karatasi ikitoka. Swali la saba lilikuwa na alama nane.