Bega la Bibi Lililobaki Kwenye Kioo

Kosa nililifanya mimi mwenyewe, na mimi ndiye ninayekula kwa kazi ya picha. Ilikuwa masika ya mwaka 2021, hapa Tanga, bati la nyumba ya shangazi limevuja hadi ukutani. Akanikabidhi fremu iliyofungwa kwenye mfuko wa rambo. Ndani alikuwemo bibi, mama yake mzazi, picha ya studio ya mwaka 1958.

"Nitengenezee, mwanangu. Na uitie rangi kama wanavyofanya siku hizi."

Picha ilikuwa imegandana na kioo. Karatasi za picha za zamani zina utando wa jelatini kwa juu. Utando huo ukiloa hulainika ukawa kama gundi, na ukikaukia kwenye kioo ndiyo basi tena. Mwenye akili huiskani hapo hapo ilipo, kupitia kioo, kabla hajagusa chochote. Nilijua yote hayo, nikaivuta. Robo tatu ilikuja kimya kimya, kisha nikasikia mlio mdogo, kama mtu anamenya pipi. Nilipoinua, bega la kushoto la bibi na upande wa kanga yake kifuani vilikuwa vimebaki kwenye kioo.

Siku mbili sikuigusa. Wateja wakaja kupiga paspoti, wakaenda zao. Shangazi alipiga simu, nikamwambia kazi inaendelea.

Siku ya tatu nikakigeuza kile kioo nikakitazama kwa upande wake safi. Bega lilikuwapo, zima, limekaa upande wake sawasawa. Nikakilaza juu ya skana. Skana yangu nyembamba ikatoa ukungu mtupu, maana zile huona vizuri kilichozigusa tu, na hapa unene wa kioo ulikaa katikati. Nikaazima ya jirani wa stesheneri, dude la zamani, zito kama sanduku la mahari, nalo likasoma. Nikawa na vipande viwili kwenye kompyuta. Kuvikutanisha kulinichukua usiku mzima, maana karatasi iliponyauka ilikuwa imevutika, shingo ikikaa sawa mkono unakataa.

Karibu na alfajiri ndipo nikaliona jina la kanga. Bibi alikuwa ameifunga kifuani juu ya gauni, na pindo lenye maandishi kalileta mbele, limenyooshwa kama anayetaka lisomwe. Kipande cha karatasi kilikuwa na JAPO SIPATI TA. Cha kioo kikamalizia MAA SIKATI. Picha hiyo nimekua nikiiona ukutani, wala sikuwahi kusoma neno.

Rangi niliona rahisi. Nikaipitisha kwenye programu ya simu, sekunde chache tu, bibi akatoka na ngozi ya chai ya maziwa na kanga ya buluu iliyofifia. Nikampelekea shangazi.

"Buluu? Mama na buluu wapi na wapi! Ile ilikuwa nyekundu, nyekundu ya damu ya mzee. Doti moja tulikuja kuigawana, mimi na mdogo wangu, tukabebea watoto."

Programu ile sikuilaumu. Nyekundu na buluu zinaweza kuangukia kijivu kile kile, na kompyuta ikikosa shahidi hubahatisha. Shahidi wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

Nikamuuliza kwa nini bibi aliliweka jina mbele vile. Akacheka, akaacha ungo.

"Babu yako alikuwa Mombasa, bandarini, anabeba mizigo. Mwaka wa pili hajarudi, hela haiji, barua haiji. Mama hakujua kuandika. Akenda studio, akapiga hiyo, akampa mtu wa basi amfikishie."

"Ikamfikia?"

"Ungeionaje hapa ukutani? Aliirudisha mwenyewe."

"Alirudi lini?"

Shangazi akanitazama kama ninavyotazamwa na wateja wanaodai paspoti zao zina kivuli.

"Hiyo picha ya hamsini na nane. Baba yako kazaliwa sitini, mwezi wa kwanza. Wewe si ndiye msomi? Piga hesabu, kisha uende ukaipake nyekundu."