Siku moja maishani mwangu: mashine mbili "zilizokufa" pale Mabatini

Wakuu, kuna jamaa aliniuliza fundi wa kutengeneza mashine za kuchomelea anashindaje kutwa nzima, mbona kila akipita ananikuta nimeinamia bodi tu. Haya, ngoja niandike Jumanne iliyopita, siku ya kawaida kabisa.

Saa 12 na nusu asubuhi natoka Igoma, daladala imejaa, hakuna la kusimulia. Saa 1 na nusu nipo kibandani Mabatini, hapa Mwanza, dogo anayejifunza kwangu kashafagia, mama wa chapati kashaniwekea zangu na supu ya sangara. Nakula nikiwa nimesimama maana mteja wa kwanza huyo anakuja, mashine imefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda.

Ni mzee mmoja wa Buswelu, fundi wa mageti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Hii imekufa."

Sasa hapo ndo huwa naanza kusumbua watu. Imekufaje mzee? Taa inawaka? Feni inazunguka? Ukigusa kijiti (ile fimbo ya kuchomelea) kwenye chuma inatoa cheche au kimya kabisa? Kwa sababu "imekufa" ni neno kubwa sana, mashine isiyowasha hata taa na mashine inayowaka vizuri halafu moto haushiki ni magonjwa mawili tofauti na bei mbili tofauti. Mzee akasema taa inawaka, feni inazunguka, akigusa kijiti inatoa cheche moja halafu inazima yote kisha inajiwasha tena yenyewe. Kashabadilisha pakiti ya vijiti akidhani vimekula unyevu wa ziwani.

Saa 3 naifungua mashine. Kabla ya kugusa chochote naunganisha balbu ya wati 100 kwenye miguu ya kapasita kubwa (zile zinazohifadhi umeme) ili zimwage umeme wote, maana umeme wa 230 ukishapita kwenye daraja la dayodi linalougeuza uwe DC (umeme wa njia moja) na kujaa mle unakuwa kama volti 325, na zinabaki mle hata ukichomoa plagi. Dogo nimemkataza kabisa kuingiza kidole kabla balbu haijazima.

Nikapima IGBT (swichi za ndani za umeme mkubwa) na dayodi za kutokea, zote nzima. Halafu nikaiwasha kupitia balbu ileile nimeiweka mfululizo na laini, balbu ikawaka ghafla ikafifia. Hiyo ni habari njema, ingebaki inang'aa ningejua ndani kuna shoti. Kwa hiyo umeme mkubwa upo salama, na volti za kutokea bila mzigo zinasoma 68, sawa kabisa kwa mashine ya vijiti. Tatizo linakuja ikibebeshwa mzigo tu.

Hapa niwaeleze kidogo maana mafundi wengi wanapotelea hapa. Kapasita zikiwa tupu ukiwasha swichi zinavuta umeme kama tenki tupu lililofunguliwa bomba lote, zingeua swichi na daraja la dayodi. Kwa hiyo mtengenezaji kaweka njia mbili: mwanzo umeme unapita kwenye rezista au temista inayoubana, kapasita zikishajaa taratibu rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inajifunga na kuipita ile temista, hapo mashine ndo iko tayari kwa kazi. Unasikia ule mlio wa "tak" sekunde chache baada ya kuwasha? Ndo huo. Sasa rilei ikilia "tak" lakini meno yake, pale inapogusana, yameungua, umeme wote wa kuchomelea unalazimika kupita kwenye temista, inachemka, inazidi kubana, volti za ndani zinaanguka, mashine inazima. Bila mzigo huwezi kujua kitu, kila kipimo kinasoma vizuri.

Nikashika mita kwa klipu kwenye kapasita, mikono nje, dogo akagusa kijiti kwenye bati nene. 320 ikashuka chini ya 100 hapohapo. Basi, hukumu imetoka. Koili ya rilei inapata volti 24 zake vizuri, meno ndo meusi. Nikatoa nyingine kwenye bodi ya skrepa, ampea zilezile, nikasafisha, nikalehemu. Saa 5 mzee anachomelea nondo mbele ya kibanda anacheka, akauliza kwa nini yule fundi wa kwanza alimwambia abadilishe IGBT zote. Sikujibu, nimemwachia hilo.

Saa 7, ugali na sato wa kukaanga, jua kali la Mwanza limekaa juu ya bati, hakuna anayefanya kazi.

Saa 8 anaingia kijana wa Nyakato anayetengeneza reli za ngazi za stenlesi, ana mashine ya TIG, ile inayochomelea kwa ncha ya tangsteni na gesi ya argoni. Naye hivyohivyo, "bro imekufa". Anabonyeza swichi ya tochi (mpini wa kuchomelea), gesi inatoka, moto hauwaki. Nikamwambia weka swichi kwenye kuchomelea kwa vijiti halafu washa kijiti kawaida. Ukawaka, ukashika, ukatulia. Kwa hiyo bro mashine haijafa, nguvu zote zipo, kilichokufa ni kiwashio tu.

Akawa haelewi, tukakaa kwenye benchi nikamfafanulia. Hizo volti 60 au 70 za mashine haziwezi kuruka hewani zenyewe, lazima kuna kitu kiwashe moto kwanza. Kwa kijiti unagonga au unakwaruza kama kiberiti, na mashine nyingi za sasa zinaongeza ampea kidogo pale mwanzo ili kisigande, kikiganda zinapunguza. Kwa TIG unaweza kukwaruza tangsteni vilevile ila ncha inaharibika na vipande vinabaki kwenye weldi, kwenye stenlesi ya mteja anayelipa vizuri hiyo ni aibu. Ndo ikaja ile ya kugusa na kuinua: unagusa, mashine inatoa ampea chache tu zisizoyeyusha ncha, ukiinua inahisi imeachia ndo inapandisha. Na ya tatu ni HF, hiyo hugusi kabisa, bodi ndogo ya ndani inatengeneza maelfu ya volti kwa masafa makubwa, cheche inaruka kwenye argoni na kutengeneza njia, umeme wa kuchomelea unafuata njia hiyohiyo. Kwenye aluminiamu unayochomelea kwa AC (umeme unaogeuka-geuka) hiyo ndo unayoihitaji.

Mashine yake ni ya HF. Ukibonyeza unatakiwa usikie valvu ya gesi ikifuatiwa na "zzzz". Valvu nilisikia, "zzzz" hakuna. Na jamani, kwenye mashine ya HF usiweke mita kwenye matokeo halafu ukabonyeza tochi, zile volti zitaua mita yako kabla hujasoma namba. Mi naanza na macho.

Nikafungua, kapasita nikazimwaga, nikaenda moja kwa moja kwenye pengo la cheche, vile vichwa viwili vya chuma vinavyotazamana. Vumbi la kusaga stenlesi limejaa, vichwa vimeliwa, pengo limepanuka, cheche haiwezi tena kuruka. Nikasugua na msasa laini, nikapuliza, halafu nikaazima fila gegi kwa fundi pikipiki wa jirani, ile wanayopimia valvu, nikaweka 0.8 mm. Likiwa jembamba sana cheche inakuwa dhaifu, likiwa pana sana haliwaki au umeme unatafuta njia nyingine na kutoboa insulesheni.

Saa 10 na nusu kijana akabonyeza. Kabla hatujaona moto tulisikia redio ya kinyozi wa kibanda cha pili inakwaruza, kinyozi akapiga kelele "fundi weee!" Nikajua HF imerudi.

Ugomvi ukaja kwenye bei. Elfu thelathini kwa kusugua na msasa tu bro? Nikamwambia msasa ni wa bure, unalipia kujua pa kusugua. Tukamalizana kwa elfu ishirini na tano, na nikamwambia aache kusaga chuma karibu na feni ya mashine, ndo inayovuta lile vumbi.

Saa 1 usiku niko kwenye daladala, yule mzee wa Buswelu ananipigia, mashine inapiga kazi, sasa anauliza kama anaweza kuifungia tochi ya TIG naye aanze stenlesi. Inawezekana mzee, ila utakwaruza, hiyo yako haina HF wala kuinua: tochi weka kwenye hasi, klampu ya kazi kwenye chanya, nunua tochi yenye valvu yake ya gesi kwenye mpini maana mashine haina, na argoni tupu, usije ukaweka ile iliyochanganywa na kabondayoksaidi. Akasema kesho atapita na karatasi nimwandikie.