Nililala Ng'ambo kwa Ajili ya Tangi la Maji

Daraja liliinuka kupisha meli nikilitazama, saa saba na kitu usiku, nami niko upande usio wangu. Kitanda nilichokilipia, tena kwa bei ya kukata maini, kilikuwa ng'ambo ya mto Neva. Dereva wa teksi akasema njia iliyobaki ni ile ya kulipia, ya kuzungukia baharini, na nauli akaizidisha mara tatu. Nikamwambia aende salama.

Kosa ni la mwanga. Juni huku Saint Petersburg, Urusi, usiku hauingii. Saa nne unadhani ni jioni ya kwenda kununua vitumbua.

Na yote hayo kwa ajili ya tangi la maji! Mchoraji wake ni Yakov Chernikhov, msanifu majengo wa enzi za Kisovieti, aliyechora viwanda na miji ambayo hakuna aliyempa fedha za kuijenga. Kitabu chake cha mwaka 1933 kina michoro 101 ya rangi, mistari imenyooka kama imepigwa kwa uzi wa fundi. Nimetembea nayo kwenye simu tangu mwaka wa kwanza wa uhandisi. Vilivyowahi kusimama ni vichache mno, na kimojawapo ni mnara huu wa tangi, wa kiwanda cha misumari cha Krasny Gvozdilshchik, wa 1930–31.

Kuupata ilikuwa kazi. Katika kisiwa cha Vasilyevsky mitaa mingi huitwa kwa namba, na kila upande wa barabara una namba yake: mkono huu 24, mkono ule 25. Nilizunguka saa nzima nikitafuta mtaa niliokuwa nimesimama juu yake.

Kisha nikauona. Msumari mtupu! Shingo nyembamba ya zege, juu kichwa kipana cha duara. Nikanyoosha mkono wenye simu, mchoro ukae sambamba na mnara. Wa kwenye simu ulionekana mzito zaidi. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikasogea tena, hadi bibi mmoja mwenye mbwa akaniuliza nimepoteza nini.

Usiku niliumalizia kwenye mgahawa, chai ya rubli 300, kikombe cha kahawa ya msibani. Nikawaza nyumbani Tabora. Baba naye alichora ghorofa, nyuma ya mfuko wa saruji, kwa penseli ya seremala, ngazi mbili na baraza la mviringo. Ya chini tunaishi. Ya juu ni nondo tu, zimechomoza tangu niko darasa la tatu.

Karibu saa kumi na moja daraja likashuka. Saa za huku na za kwetu ni zilezile, na baba huwa macho wakati huo. Nikampigia.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Umeliona tangi lako?”

“Nimeliona.”

“Lina maji?”

Sikuwa nimeuliza. Nikamgeuzia: nondo za juu je?

“Zipo. Mama yako kafunga kamba, anaanikia nguo.”